Nyanya za nyanya: Mbegu ya nyumbani yarudi mikononi mwa majirani

Mtoto akienda kumtembelea nyanya yake mashambani wakati wa likizo, ni nadra arudi mikono mitupu. Atarudi na kuku, ndizi au mfuko wa parachichi. Mara nyingine, katikati ya nguo zake, huwa kuna kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ndani yake mna mbegu ndogo, bapa, zenye vinyweleo, zimegandamana na habari za mwaka juzi. Ni mbegu za nyanya. Tunda na aliyelitunza wana jina moja, na watoto hawachoki kucheka wakiambiwa nyanya amewatumia nyanya.

Kwa miaka zaidi ya kumi, kipande hicho cha gazeti kilikuwa na uzito kuliko kilivyoonekana. Mabadiliko yaliyofanyiwa Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, mwaka 2012 yaliwafungulia njia ya mashtaka watu wanaouza, kubadilishana au kugawa mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa. Adhabu iliyowekwa ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini ya hadi Sh1 milioni, au vyote viwili. Wakaguzi nao walipewa mamlaka ya kuingia kwenye hifadhi za mbegu za jamii na kuzitwaa mbegu zilizomo.

Nia iliyotajwa ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya walaghai wanaouza mbegu bandia, na walaghai hao wapo kweli. Yeyote aliyewahi kununua pakiti, akaotesha, akasubiri, halafu asione kitu, hahitaji kuelezwa. Shida ni kwamba wavu ulikuwa mpana mno. Uliweza kumnasa tapeli wa mbegu, na pia mama mzee anayemmegea jirani mbegu za managu juu ya ua.

Wakulima wadogo 15 walienda kortini mwaka 2022 kuipinga sheria hiyo. Mnamo Novemba 27, 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos aliamua kuwa vipengele vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuziana mbegu zao vinakiuka Katiba. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya.

Wengi walioisikia habari hiyo waliichukulia kuwa ya wakulima wa mahindi na maharagwe. Lakini inaingia pia katika ua wa mzazi wa Thika, Nakuru au Kisumu ambaye shamba lake lote ni ndoo tano za plastiki nyuma ya nyumba ya kupanga. Huyo ndiye anayepokea kile kipande cha gazeti, na ndiye ambaye jirani atamwomba mbegu nyanya zikianza kuiva. Swali lake sasa limebadilika. Si tena kama atapatikana na hatia, bali kama mbegu anayoitoa inafaa kupewa mtu.

Ipi ni ya zamani?

Tuseme ukweli kwanza: hakuna nyanya iliyo ya asili ya Kenya. Mmea huu ulianzia magharibi mwa Amerika Kusini, ukaendelezwa na wakulima wa Mexico, kisha ukavushwa bahari na Wahispania katika karne ya 16. Tunachokiita nyanya ya kienyeji huwa ni moja kati ya mambo mawili. Kuna zile ndogo zinazojiotea zenyewe kando ya jalala na katikati ya mahindi bila kupandwa na mtu. Halafu kuna aina za kale za madukani ambazo familia imezitunza msimu baada ya msimu hadi ikasahau zilitoka wapi.

Money Maker ni mfano wa hizo za pili. Ilizalishwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo mbegu zake zinapatikana katika maduka ya pembejeo nchini. Marglobe ilitolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925. Cal J na Roma VF ni za baadaye kidogo. Zote zina sifa moja inayomhusu sana mwenye ndoo tano: mbegu ikitolewa ndani ya tunda na kupandwa, mmea unaoota hufanana na mama yake. Ua la nyanya lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Ndiyo maana hata asiyesomea kilimo anaweza kuitunza aina moja kwa miaka mingi bila kuiharibu, mradi aipande hatua kadhaa mbali na aina nyingine.

Pakiti iliyoandikwa F1 ni jambo tofauti. Hiyo ni mbegu chotara wa kizazi cha kwanza, iliyopatikana kwa kuchukua chavua ya mmea wa aina moja na kuipaka kwenye ua la aina nyingine. Huzaa sana, na nyingi zimepewa kinga dhidi ya magonjwa. Mitaani husemwa kuwa mbegu za ndani ya tunda la F1 haziwezi kuota. Zinaota vizuri tu. Ila watoto wake hutawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine ana matunda kama marumaru, mwingine ile kinga ya ugonjwa imempotea kabisa. Na F1 si GMO, ingawa wazazi wengi huzichanganya. Hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyopachikwa maabara.

Kwa hivyo mzazi anayelima nyanya za kuuza, na ana pesa za pakiti mpya kila msimu, hana sababu ya kuikimbia F1. Anayetaka kuhifadhi mbegu na kumgawia jirani ndiye anayepaswa kutafuta aina za kale.

Watu wa bustani za nyumbani nchini Marekani waliliona hili mapema. Mwaka 1975, Diane Ott Whealy na aliyekuwa mumewe, Kent, walianzisha kikundi cha kubadilishana mbegu kwa barua, ambacho leo kinaitwa Seed Savers Exchange na kina makao yake katika jimbo la Iowa. Chanzo kilikuwa mbegu alizopewa Diane na babu yake, zikiwemo za nyanya ya rangi ya waridi ambayo familia yao ilikuja nayo kutoka Bavaria, Ujerumani. Hapa Kenya, Seed Savers Network ya Gilgil, Kaunti ya Nakuru, ilianzishwa mwaka 2009 na imekuwa ikizisaidia jamii kuanzisha hifadhi za mbegu. Serikali nayo ina hifadhi yake ya kitaifa Muguga, Kiambu, yenye makumi ya maelfu ya sampuli. Ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini mbegu iliyo ndani ya friza ya Muguga haimfikii mtoto mezani.

Ulimi na damu ya mtoto

Watu wazima hupenda kulalamika kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha, na watoto huyachukulia hayo kama malalamiko mengine ya wazee. Sayansi imewaunga wazee mkono kwa kiasi fulani. Mwaka 2012, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu badiliko moja la kijeni ambalo wazalishaji wa mbegu walilipenda kwa miongo mingi, kwa sababu hulifanya tunda kuwa na rangi moja tangu chini hadi kwenye kikonyo. Tunda hilo hupendeza sana kwenye kreti. Kumbe badiliko hilohilo hupunguza uwezo wa tunda changa kujitengenezea sukari. Nyanya nyingi za kale huwa na mabega ya kijani kibichi kabla ya kuiva. Sokoni huonekana kama dosari.

Haina maana kwamba nyanya ya zamani ni dawa. Kiasi cha vitamini ndani ya tunda hutegemea aina, jua, kiwango cha kuiva na muda uliopita tangu kuchumwa, na nyanya ya F1 iliyoivia kwenye mmea wako inaweza kuishinda ya kale iliyosafiri siku nne ndani ya lori.

Faida kubwa ya nyanya kwa mtoto ipo mahali ambapo wazazi wengi hawapaangalii. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, ndengu na mboga za majani hufyonzwa na mwili kwa shida, na upungufu wa chuma ni mojawapo ya sababu kuu za watoto wadogo kukosa damu ya kutosha. Vitamini C ikiliwa katika mlo uleule husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Sahani ya githeri yenye kachumbari kando yake, basi, si sawa na githeri tupu, hata kama tumbo limeshiba sawasawa. Chai inayonywewa pamoja na mlo hufanya kinyume: hukizuia chuma. Ni tabia ambayo nyumba nyingi zingefaidika kuisogeza mbele saa moja au mbili.

Kupika hupunguza vitamini C. Hata hivyo, joto na mafuta kidogo huusaidia mwili kupata laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya. Nyanya ya kwenye mchuzi na ya kwenye kachumbari kila moja ina kazi yake, na hakuna haja ya kuchagua.

Tahadhari ni mbili. Zile nyanya ndogo za kienyeji, zinazomfurahisha mtoto kwa kuwa anazichuma mwenyewe, ni za mviringo na zinateleza; aliye chini ya miaka mitano akatiwe vipande vinne kwa urefu ili zisimkabe. Pia, mtoto afundishwe mapema kwamba majani na shina la nyanya haviliwi, hata kama managu, ambayo ni ya ukoo mmoja nayo, huliwa majani.

Siku tatu za harufu mbaya

Kazi ya kutoa mbegu huanza kabla ya tunda kuiva. Watu wengi huchagua nyanya kubwa kuliko zote. Wanakosea, maana kinachochaguliwa ni mmea. Mmea wenye afya, uliozaa vizuri huku majirani zake wakisumbuliwa na ukungu, ndio wa kuwekewa alama ya kitambaa. Matunda yake mawili au matatu yaachwe hadi yaive kabisa, yaanze kulainika.

Kila mbegu ya nyanya imefunikwa na utelezi unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Utelezi huo ndio unaoondolewa kwa kuvundika. Nyanya hukatwa kwa kupitia katikati, mbegu na maji yake vikakamuliwa ndani ya chupa ya jemu, maji kidogo yakaongezwa, kisha mdomo wa chupa ukafungwa kwa kitambaa chepesi. Chupa hukaa kivulini mahali penye joto kiasi kwa siku mbili au tatu, ikikorogwa mara moja kwa siku. Maeneo ya baridi kama Limuru au Nyahururu huenda yakahitaji siku moja zaidi.

Itanuka. Utando wa ukungu utajitokeza juu, na kuna mtu nyumbani atakayetaka kuimwaga. Asiruhusiwe, ila chupa iwekwe mbali na watoto wadogo na mbali na chakula. Kuvundika huko, mbali na kuondoa utelezi, hupunguza baadhi ya vimelea vya magonjwa vilivyo juu ya mbegu. Zikizidisha siku, mbegu zitaanza kuotea humo humo.

Baada ya hapo maji huongezwa na kukorogwa. Mbegu nzuri huzama. Zilizo tupu huelea pamoja na uchafu na humwagwa. Zilizozama husuuzwa kwenye chujio la chai hadi maji yawe maangavu, kisha hutandazwa juu ya sahani ya bati au ya kioo, kivulini penye hewa, kwa takriban wiki moja. Kuzianika juu ya mabati ya moto au kuziweka karibu na jiko huziua. Zikikauka sawasawa, mbegu mbili zikipigwa kwenye sahani hulia kama mchanga.

Zikishakauka huwekwa kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana. Akina nyanya wengi hutumia jivu kavu, na wana sababu, kwa kuwa jivu hufyonza unyevu na huwasumbua wadudu. Mbegu zilizokaushwa na kutunzwa hivyo zinaweza kuota hata baada ya miaka minne au zaidi. Tunda moja la wastani hutoa mbegu zinazozidi mahitaji ya ndoo tano, na hapo ndipo jirani anapoingia.

Mpe mbegu, usimpe mche

Inaonekana ni ukarimu zaidi kumpa mtu mche uliokwisha kuota, kwa kuwa unamwokoa wiki nne au zaidi za kusubiri. Lakini mche husafiri na udongo wake, na udongo husafiri na mambo yake. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoifanya nyanya isinyae ghafla mchana wakati majani yangali ya kijani, huishi udongoni kwa miaka. Bustani ikishaupata, nyanya, viazi, biringanya na managu zote zimo hatarini.

Kuna njia rahisi ya kuutambua. Mmea ulionyauka hukatwa shina karibu na udongo, na kipande hicho hushikiliwa ndani ya bilauri ya maji safi. Kama ni ugonjwa huo, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka kutoka kwenye shina. Udongo wa ndoo hiyo usitumiwe tena kwa jamii ya nyanya, na mche wowote uliooteshwa humo usivuke ua.

Vilevile yupo Tuta absoluta, mdudu ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Aliingia Kenya mwaka 2014. Kiwavi chake huchimba vichochoro ndani ya jani hadi likawa kama limeunguzwa, kisha hutoboa tunda. Husafiri kwenye miche na matunda. Mbegu zilizosafishwa na kukaushwa hazimbebi.

Mbegu, hata hivyo, si salama kwa kila kitu. Baadhi ya virusi na bakteria hubaki nazo hata baada ya kuvundikwa. Mmea wenye majani yenye mabaka ya kijani na njano, au yaliyosokoteka, matunda yake yaliwe lakini mbegu zake zisitolewe. Mvutaji wa sigara nyumbani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu virusi vya tumbaku vinaweza kuhamia kwenye nyanya kupitia vidole. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwomba baba apunguze, ikiwa zile za mapafu hazikumtosha.

Udhaifu wa aina za kale usifichwe pia. Nyingi hazina kinga zilizomo kwenye F1, na katika mvua ndefu ukungu unaweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Hapo ndipo mwenye bustani hushawishika kukimbilia dawa ya kunyunyizia. Kila dawa iliyosajiliwa huandikwa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma, na siku hizo hazipunguzwi kwa kuwa bustani ni ndogo au kwa kuwa wageni wamefika. Kwa ndoo tano, mengi yanaweza kuzuiwa bila dawa: kuziweka chini ya paa lililojitokeza mvua isiyapige majani, kumwagilia asubuhi kwenye shina, kukata majani ya chini yanayogusa udongo, na kuipa kila nyanya kijiti cha kuiegemeza. Sehemu hiyo iwe inapata jua angalau saa sita kwa siku. Tunda likianza kuoza kitako na kuwa jeusi chini, mara nyingi mmea umekuwa ukinyweshwa leo na kusahauliwa kesho, na hivyo kushindwa kusafirisha kalisiamu. Dawa ya wadudu haitasaidia.

Jirani akija kuomba, basi, bahasha yake iandikwe mambo manne: jina la aina kama linajulikana, mahali ilikolimwa, mwezi na mwaka mbegu zilipotolewa, na ugonjwa wowote ulioonekana kwenye bustani msimu huo. Jina likiwa halijulikani, lisibuniwe. "Nyanya ya Mama fulani wa Kinangop, ndogo, chachu" inamfaa mpokeaji kuliko jina la pakiti lililokisiwa. Hilo la nne ndilo watu huona aibu kuliandika, na ndilo linaloweza kumwokolea mtu bustani.

Na zile za gazeti alizokuja nazo mtoto kutoka mashambani? Hazikuvundikwa, huenda, lakini nyingi zitaota. Kwanza apigiwe simu nyanya mwenyewe, aulizwe mmea ulikuwaje. Zikiwa zimeng'ang'ania, hakuna haja ya kuzibandua kwa kisu na kuzijeruhi. Karatasi inachanwa vipande vidogo, kila kimoja na mbegu yake, vinafukiwa kwa kina cha nusu sentimita, na vinamwagiwa maji taratibu. Gazeti litaoza lenyewe.